NANI ATAKAYETIA MPINI SHOKA LA KIJANA?

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Sifa zote njema ni zake Yeye aliyelifanya jua kuwa mwanga na mwezi kuwa nuru. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baad. Ndugu Waislamu, wazee wetu, mama zetu mlio nyuma ya pazia, na ninyi vijana mnaopenda kukaa safu ya mwisho karibu na mlango: Nausia nafsi yangu kwanza, kisha nawausia ninyi, tumche Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Imepokewa kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.), katika hadithi aliyoiandika Imam Abu Dawud, kwamba mtu mmoja katika Ansari alimjia Mtume (s.a.w.) kuomba. Mtume akamuuliza kama nyumbani kwake hamna kitu chochote. Akajibu kwamba kipo kitambaa kizito, sehemu yake wanajifunika na sehemu wanatandika, na lipo bakuli la kunywea maji. Akaamriwa avilete. Mtume akavishika kwa mkono wake mtukufu, akavinadi mbele ya masahaba. Mmoja akatoa dirhamu moja. Mtume akauliza mara mbili au mara tatu ni nani atakayeongeza, na mwingine akatoa dirhamu mbili. Akapewa yule Ansari: dirhamu moja anunue chakula awapelekee watu wake, ya pili anunue shoka alilete. Alipolileta, Mtume (s.a.w.) akalitia mpini kwa mkono wake mwenyewe, akamtuma akate kuni na kuziuza, wala asimwone kwa siku 15. Siku zilipotimia mtu yule akarudi na dirhamu 10, akanunua nguo na chakula.

Ndugu yangu, hadithi hii tumeisikia mara nyingi, na mara nyingi tunaitumia kuwakemea wanaoomba. Tunamwambia kijana: nenda ukafanye kazi, Mtume hakupenda mtu aombe. Ni kweli, lakini tunapofanya hivyo tunaruka katikati ya hadithi. Katikati mna mnada. Mna dirhamu ya chakula, ili mtu asiende kazini na watoto wamelala njaa. Mna chuma cha shoka, na mna mkono wa Mtume ukitia mpini. Yule Ansari hakufukuzwa aende kazini mikono mitupu. Alipelekwa na chombo mkononi, na mkubwa wa watu wote ndiye aliyemtayarishia chombo hicho.

Sasa tuangalie hapa kwetu Likasi. Leo ukimpa kijana shoka aingie porini, atakata nini? Miti iliyokuwa karibu na mji imekwisha kuwa makala. Mama zetu wanaowasha mbabula kila jioni wanajua kwamba gunia linatoka mbali kuliko zamani, na bei yake inapanda pamoja na umbali. Shoka la kijana wa leo ni jingine. Ni kipimo cha umeme, bisibisi, koleo, ngazi, na ujuzi wa kufunga paneli za jua, kutunza betri, kusimamia mtambo mdogo wa maji kijijini. Hii ndiyo kazi ya nishati isiyokwisha, ya jua na maji na upepo, na dunia nzima inaikimbilia. Vijana wetu wanasimama nje ya mlango wake. Khutba ya leo inauliza ni nani aliyefunga mlango huo, na wala tusiharakishe kusema ni serikali.

Sisi si wageni wa umeme usio na moshi. Mtambo wa Mwadingusha juu ya mto Lufira ulianza kazi mwaka 1930. Mtambo wa Koni ukafuata mwaka 1950 juu ya mto huo huo, kisha Nzilo na Nseke juu ya mto Lualaba. Yote hiyo ilijengwa na Union Minière kwa ajili ya shaba, na nyumba za watu zikapata mabaki. Mwaka 2021 Mwadingusha ilimalizika kutengenezwa upya, mitambo yake 6 ikiwa na uwezo wa megawati 78 hivi, na sababu kubwa ya kuitengeneza ilikuwa mgodi wa Kamoa-Kakula karibu na Kolwezi. Waya mkubwa unaotoka Inga mpaka Kolwezi, kama kilomita 1,700, umepita tangu miaka ya 1980 juu ya vijiji visivyo na taa hata moja. Katika nchi yetu yenye mito kama hii, mtu 1 hivi kati ya watu 5 ndiye mwenye umeme nyumbani. Na sisi wa mjini tulio nao, tunajua delestaji inavyotukuta katikati ya chakula cha jioni.

Wengine husema vijana wetu hawamo katika kazi hii ya nishati mpya. Si kweli. Wamo. Wamo chini kabisa, ndani ya shimo. Kila waya wa paneli ni shaba. Betri nyingi za simu na za magari ya umeme zina kobalti, na zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, yaani Lualaba na huku kwetu Haut-Katanga. Kijana wa Likasi anachimba kwa mkono ili mtu wa mbali aendeshe gari lisilo na moshi. Tunakumbuka Shinkolobwe, jirani yetu, jinsi udongo ulivyowaangukia watu mwaka 2004. Tunakumbuka Juni 2019 karibu na Kolwezi, walipokufa zaidi ya watu 40 siku moja. Innaa lillahi wa innaa ilayhi raajiuun. Kati ya waliozikwa katika mashimo namna hiyo, wapo waliokuwa na diploma ndani ya sanduku nyumbani.

Niwaeleze jambo lililotokea katika msikiti wetu huu, nalo ni aibu yetu wenyewe wa kamati. Ramadhani moja paneli yetu ya juu ya paa iliacha kutoa umeme. Tukaswali tarawehe kwa tochi za simu. Kamati ikakaa, ikaamua kumwita fundi kutoka Lubumbashi. Tukamlipa nauli, tukamlipa chakula, tukamlipa kazi yake. Alipanda juu, akashuka, akafungua sanduku la betri, akakuta kichwa cha waya kimeliwa na kutu. Akakikwangua kwa kisu, akakikaza. Taa zikawaka. Haikufika nusu saa.

Kijana mmoja wa msikiti huu alikuwa amesimama pale akimshikia ngazi. Amesoma umeme shule ya ufundi, ana diploma yake ya serikali. Mzee mmoja akamuuliza: mwanangu, wewe hukuweza kuona jambo hili? Akajibu kwa adabu: Baba, mngenipa ruhusa ningelitazama, lakini hamkuniuliza, na mimi sina hata kipimo. Wazee tukanyamaza. Baada ya Idi kijana yule akaondoka kwenda kuosha mawe machimboni Kambove, kwa sababu huko hawaulizi kipimo wala diploma, wanauliza mikono tu.

Ndugu zangu, jibu lile lina mambo mawili. Hamkuniuliza, na sina kipimo. Karibu vizuizi vyote tunavyovisikia kwa vijana vinarudi hapo: hawaaminiwi, na hawana chombo.

Tuanze na kutoaminiwa. Tangazo la kazi linataka mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi. Kijana anauliza ataupata wapi uzoefu kama kila mlango unautaka kwanza? Anaomba staji, anaambiwa asubiri, au anaipata bila nauli wala chakula, na baada ya miezi michache anashindwa kutembea kutoka Panda mpaka Shituru kila asubuhi na tumbo tupu. Mwingine anaambiwa wazi kwamba jina lake litaingia orodhani likipitia mkono wa mtu. Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoa rushwa na mpokea rushwa, na sisi tunajua hivyo, lakini tukimtafutia mtoto wetu nafasi tunaiita zawadi.

Tazama jinsi Nabii Musa (a.s.) alivyopata kazi. Qur'ani katika Sura Al-Qasas inatueleza kwamba alifika Madyan mkimbizi, hana jamaa, hana karatasi. Aliwanywesheza maji wanyama wa wasichana wawili kisha akarudi kivulini. Mmoja wao alimshauri baba yake amwajiri, akataja sifa mbili: nguvu na uaminifu. Zote mbili walikuwa wameziona kwa macho yao pale kisimani. Hakuna aliyemuuliza Musa amefanya kazi kwa nani miaka iliyopita. Alipewa kazi ya miaka minane, na kumi kama akipenda. Wewe mwenye duka, mwenye jengo, mwenye shamba la kumwagilia, kijana wa mtaani kwako umempa kisima gani ili uone nguvu zake na uaminifu wake?

Na Usama bin Zayd (r.a.) alipewa jeshi hajafikia miaka 20, ndani yake wazee wakubwa. Watu walinong'ona juu ya umri wake, na Mtume (s.a.w.) aliwakemea hadharani.

Najua mnachotaka kunijibu. Mtasema: Sheikh, hawa vijana tuliwapa, wakatufungia paneli, ikafa baada ya miezi mitatu. Ndiyo, mmekwisha kuniambia. Lakini tuulizane vizuri ile paneli ilitoka wapi. Sokoni mna paneli zimeandikwa nyuma wati 100, na ukizipima juani hazifiki nusu. Mna betri za zamani zilizofutwa vumbi na kubandikwa karatasi mpya. Mwenyezi Mungu ameteremsha sura nzima kuanzia na ole kwa wanaopunja vipimo. Wati zilizoandikwa nyuma ya paneli ni kipimo kama kilo ya unga wa bukari. Anayeuza 100 na ndani mna 40 amepunja 60, na amepunja watu wawili: mnunuzi, na kijana aliyeifunga, kwa sababu kifaa kikifa, jina linaloitwa mwizi mtaani ni la kijana, si la mwenye duka. Jina la fundi likiharibika mara moja Kikula, hata Panda hawamwiti tena. Wafanyabiashara wetu Waislamu, na tupo wengi katika biashara hii, jambo hili linatuhusu kabla ya wengine. Na ninyi vijana, msifunge kitu msichokipima. Mteja akilazimisha, mwambie ukweli, hata ukikosa kazi ya siku ile.

Halafu tunawachelewesha malipo. Mtume (s.a.w.) ametufundisha tumlipe mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Kijana anafunga taa Jumatatu, anaambiwa aje Ijumaa, Ijumaa anaambiwa mwisho wa mwezi. Kwa pesa zile ndizo angenunua koleo lake.

Kuna kizuizi cha lugha pia. Karatasi za vifaa hivi zinakuja kwa Kiingereza au Kichina, na shule yetu ni ya Kifaransa. Hapa lawama si ya wazee peke yao. Zayd bin Thabit (r.a.) alikuwa kijana mdogo Mtume alipomwamuru ajifunze maandishi ya Mayahudi, naye aliyajua kwa muda wa nusu mwezi hivi. Mmoja wenu akijifunza kusoma zile karatasi, awafundishe wenzake 10 hapa kwenye baraza baada ya Alasiri. Simu mnazo, na saa mnazozimaliza juu yake Mwenyezi Mungu anazijua.

Juu ya sheria tuseme kidogo. Sheria ya umeme ya Juni 2014 iliruhusu kampuni na watu binafsi kuzalisha na kuuza umeme, kazi ambayo zamani ilikuwa ya SNEL. Sheria ya Februari 2017 inazitaka kampuni kubwa zigawe kazi zao ndogo kwa kampuni ambazo sehemu kubwa ya mtaji ni ya Wakongomani. Mgodi ukitaka kufungiwa taa za jua kambini, kazi hiyo inaweza kuwa ya vijana wetu. Lakini haiwezi kupewa kijana mmoja mmoja mwenye mfuko wa nailoni. Inataka kampuni yenye karatasi za biashara, namba ya kodi na akaunti ya benki. Basi mkusanyike watano au sita, mwandikishe jina moja. Kule Goma, katika kartie ya Ndosho, kampuni iliyojiita kwa neno letu, Nuru, iliwasha mwaka 2020 mtambo wa jua wa megawati 1.3 na kuuza umeme majumbani. Haikuwa kazi ya mtu mmoja wala ya siku moja, lakini ilifanyika ndani ya Kongo hii hii yenye matatizo tunayoyajua.

Nije kwa mabinti zetu, kwa maana nawaona kina baba wengine wamefikiri maneno haya ni ya wavulana tu. Kule Unguja, mahali panapoitwa Kinyasini, Barefoot College ilifungua mwaka 2015 chuo cha kuwafundisha wanawake wa vijijini kufunga na kutengeneza umeme wa jua. Wengi wao ni mama, wengine bibi wenye wajukuu, na baadhi hawakusoma shule. Ni Waislamu kama sisi, wamejifunika kama mama zetu hawa. Wanakaa miezi kadhaa, wanajifunza waya kwa rangi na kwa mkono, kisha wanarudi kuwasha nyumba za kijiji chao. Na nani anawapeleka? Kijiji chenyewe kinakaa na kuwachagua. Ikiwa bibi wa Unguja anaweza kuunganisha betri, kwa nini binti yako aliyemaliza masomo asiweze? Tena nyumba ambamo mama yuko peke yake mchana, fundi mwanamke anaingia bila mtu kuona haya. Sisemi zaidi, wenye akili wameelewa.

Sasa turudi kwa chombo, kwa sababu hapo ndipo pa kutenda. Kijana hana pesa za kununua kipimo, bisibisi na paneli ya kwanza ya kujifunzia. Akienda kukopa anakutana na riba, na sisi tumemfundisha kwamba riba ni haramu. Tumemfungia mlango ule, na tumefanya haki. Lakini tumemfungulia upi badala yake?

Wanazuoni wetu walilijibu swali hili zamani sana. Imam an-Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameeleza katika madhehebu yetu ya Shafii kwamba fukara mwenye ufundi anaweza kupewa kutoka katika zaka thamani ya vyombo vya ufundi wake, iwe kidogo au nyingi, ili aweze kujitegemea. Isome vizuri: vyombo vya ufundi. Sisi kila mwaka tunaigawa zaka vipande vidogo vidogo, kila mtu anapata cha siku mbili, na mwaka unaofuata tunawaona wale wale kwenye mstari. Wajane na wazee wasioweza kazi wana haki yao, wala haipunguzwi. Lakini yule kijana mwenye diploma, kwa nini tunampa kilo mbili za unga wakati tungeweza kumpa shoka?

Mwenye mali ambaye hajafikiwa na wakati wa zaka anaweza kukopesha mkopo mwema usio na riba, ukaandikwa na kushuhudiwa kama Qur'ani ilivyotuamuru katika aya ya deni. Kijana anaulipa kidogo kidogo kadiri anavyofanya kazi. Na asiye na pesa ana mpini: ana jina lake mtaani. Aseme kwa jirani yake, huyu namjua, mpe kazi, nami nitasimama naye akiifanya.

Ee Mola, tusamehe tulivyowapuuza watoto wetu kisha tukawalaumu. Wahifadhi walioko ndani ya mashimo saa hii. Wafungulie vijana wetu riziki ya halali, na uifanye mikono yetu iwe sababu. Amin.

TANGAZO. Kamati imetenga kutoka zaka ya mwaka huu fungu la vyombo vya kazi. Kipimo 1 cha umeme na sanduku 1 la koleo na bisibisi vimekwisha kununuliwa, na viko kwa mtunza hazina. Wenye paneli mbovu au betri zilizokufa walete msikitini, vijana wajifunzie. Vijana wote, wavulana na wasichana, waliosoma umeme au wanaotaka kujifunza, waandikishe majina leo baada ya swala. Wasichana watamwona mama wa upande wa wanawake. Kuanzia sasa paneli ya msikiti itatunzwa na vijana wa msikiti, kwa malipo, siku ile ile kazi inapokwisha.

Na yeyote mwenye safari ya Kambove wiki hii aje kwa imamu kabla hajaondoka, achukue barua ya yule kijana. Barua ni fupi: kipimo kipo, baba zako wanakuuliza lini unarudi.